Fainali ya besiboli ya watoto Williamsport: kaa kilimani, achana na viti

Niseme mapema: mimi si mtu wa besiboli. Nimekulia Mombasa, mpira kwangu ni wa miguu, na cha karibu zaidi nilichowahi kucheza ni raunda ya shuleni, gongo lenyewe mguu wa dawati bovu. Lakini mwanangu wa miaka 11 amezaliwa huku Pennsylvania, Marekani, anacheza ligi ya mtaani, na kwa miaka miwili aliniimbia wimbo mmoja tu: Williamsport, Baba, Williamsport. Agosti 2024 nikasalimu amri. Tukatoka Harrisburg asubuhi mapema siku ya fainali, Jumapili tarehe 25, tukashika barabara namba 15 inayokwenda kaskazini na mto Susquehanna. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji.

Kwa wasioijua: Little League World Series ni mashindano ya dunia ya watoto wa miaka 10 hadi 12. Yalianza mwaka 1947 Williamsport, na tangu 1959 yanachezwa ng'ambo ya pili ya mto, South Williamsport, kwenye uwanja unaoitwa Lamade. Kila kitu kimepunguzwa kiwatoshe watoto. Besi moja hadi nyingine, yaani vile vituo anavyozunguka mchezaji ili apate pointi, ni futi 60, uzio wa nyuma uko futi 225, na mechi ina raundi 6 badala ya 9. Hilo la mwisho lilinikomboa, kwa sababu besiboli ya watu wazima kwenye televisheni hunilaza kabla ya raundi ya nne.

Kiingilio ni bure. Nilimwuliza aliyekuwa getini mara mbili, nikidhani sijamwelewa. Nchi hii ambako hata kuegesha gari kwenda kuona mechi kunakutoa jasho, unaingia kuangalia fainali ya dunia bila kutoa senti. Hela zetu zilikwenda kwa chakula, na kwa mama mmoja aliyekuwa akiegesha magari kwenye nyasi mbele ya nyumba yake. Aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu Harrisburg. Akacheka, "La, kabla ya hapo!"

Sasa kilima. Uwanja umekaa chini kama sahani, na nyuma ya uzio kuna mteremko mkubwa wa nyasi wanakokaa maelfu ya watu na viti vyao vya kukunja na mablanketi. Tulifika tukiwa tumechelewa kupata viti vya ndani, mwanangu akanuna. Baada ya dakika 10 alikuwa hanikumbuki. Watoto hupanda hadi juu, wakakalia kipande cha kadibodi, wakateremka kwa kasi hadi chini, wakapanda tena. Hivyo hivyo mchana kutwa. Nyasi za njia ile zimelala na kung'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Sisi hatukuwa na kadibodi, kosa letu, ikabidi kijana ajiunge na kundi la watoto asiowajua waliokuwa na boksi la friji wamelipasua vipande. Nami nilijaribu mara moja, mke wangu asisome hapa. Suruali ya kaki ikarudi nyumbani na rangi ya kijani ambayo haijatoka hadi leo.

Lakini ukiniuliza ni nini hasa kinachoendelea pale, nitakwambia pini. Kila timu, kila jimbo, kila wilaya ya ligi ina pini yake ndogo ya chuma, na watu hubadilishana. Hawauziani, wanabadilishana. Wengine wametandaza taulo mezani zimejaa pini hadi kitambaa hakionekani. Kuna sheria zisizoandikwa: huombi bila kutoa, hushiki ya mwenzako kabla hajakuruhusu, na kubwa kuliko zote, humpunji mtoto. Mwanangu alikuja na pini 6 za ligi yetu, akaondoka na 11. Sijui alifanyaje. Hiyo ni damu ya soko la Kongowea kule Mombasa, haikufundishwa na mtu.

Kwenye meza moja alikuwapo mzee wa makamo ya baba yangu, kofia ya turubai nzito kwa pini. Mbele kabisa, juu ya kipaji, kulikuwa na moja ya nyeusi, manjano na nyekundu. Uganda. Mwanangu akanivuta mkono kabla sijasema kitu. Nikaanza kupatana: mbili kwa moja, tatu kwa moja, nne kwa moja. Mzee hakukataa kwa mdomo. Aliinua kidole gumba akaifunika ile pini, akanitazama huku anatabasamu.

Kisha akatusimulia. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walikuwa wameshinda nafasi ya kuja, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakanyimwa viza, wakabaki nyumbani. Watoto wa Langley, Canada, waliokuwa wacheze nao mechi ya kwanza, hawakuridhika. Januari 2012 walifunga safari hadi Uganda wakacheza nao kule kule. Agosti mwaka huo huo timu ya Lugazi, mji wa Uganda, ikafika Williamsport kweli. Ilipigwa na Panama, ikapigwa na Kentucky, halafu ikaifunga Oregon 3-2, na mzee anasema alikuwa kilimani hapa hapa, watu wakasimama kana kwamba ni kikombe. Mwaka 2015 Waganda walirudi na kuwaangusha watoto wa Jamhuri ya Dominika, watu wanaozaliwa na glavu mkononi.

Akaniuliza kama naijua Lugazi. Naijuaje nisiijue? Nimepita pale kwa basi la Kampala mara kadhaa. Nikamweleza miwa kushoto na kulia, kiwanda cha sukari, na kabla hujafika Kampala unasimama Namawojjolo, vijana wanakimbilia madirisha ya basi na kuku wa kijitini na gonja ya kuchoma. Aliweka mikono mezani akasikiliza kama mtoto. Miaka 12 ameivaa hiyo Lugazi kichwani, hakuwahi kukutana na mtu aliyeiona.

Mechi yenyewe ilianza saa tisa mchana. Lake Mary ya Florida dhidi ya Taiwan. Taiwan walipata pointi raundi ya kwanza, kisha kukawa kimya, raundi baada ya raundi, warushaji wakitawala. Jirani yangu alinieleza kwamba mtoto wa umri huo haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na kuna watu wanaohesabu. Hilo lilinifurahisha kuliko mechi. Bega la mtoto lina mtetezi.

Raundi ya 6 Florida wakasawazisha, ikabidi raundi ziongezwe. Ya 8, mpigaji wao hakupiga. Aliuwekea mpira gongo tu ukadondoka mbele yake. Mrushaji wa Taiwan akauwahi, akautupa besi ya kwanza, na besi ya kwanza hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimekaa upande ambao niliuona ule mpira ukipita peke yake kwenda nyasini, na mchezaji wa Florida aliyekuwa besi ya pili akikimbia hadi besi ya nyumbani, pointi inapohesabiwa. 2-1. Florida haikuwahi kushinda kikombe hiki kabla ya siku hiyo.

Hapo hapo kamera zikamgeukia mtoto aliyerusha. Hili ndilo linalonifanya nipunguze nyota moja kati ya tano. Mtoto wa miaka 12 ana haki ya kulia bila nchi nzima kumtazama pua. Taiwan, hata hivyo, walirudi 2025 na kikosi kingine, wakaipiga Nevada 7-0 kwenye fainali, na hapo ndipo roho yangu ilipotulia.

Malalamiko yangu mengine ni madogo. Timu ni 20, lakini 10 ni za Marekani, na bingwa wa Marekani lazima acheze fainali na bingwa wa dunia iliyobaki. Fikiria Kombe la Dunia ambalo mwenyeji ana nusu ya timu na nafasi yake ya fainali imewekwa akiba! Nilimwambia jirani, akaniangalia kama niliyemtukania mama. Halafu jua. Kilimani hakuna kivuli, njoo na kofia na mafuta ya ngozi. Na ukimaliza mechi usikimbilie gari, foleni ya kutoka ni ndefu. Heri ule aiskrimu kwanza.

Nyota nne kati ya tano.

Mwanangu haziiti nne, anaiita safari ya pini iliyokosekana. Amenipa kazi: nikienda nyumbani Desemba, nipande basi hadi Lugazi nimtafutie. Nimemwambia tutaona. Anajua maana ya tutaona, kwa hiyo ameshaanza kumwandama mama yake.