Usukani, gita au bunduki ya bata: pedi gani ya gemu ya ajabu ununue ukiwa Kigoma?

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanga, kijana akiingia anataka pedi ya kawaida na mechi ya mpira. Akifungwa anampisha mwenzake. Lakini weka usukani mezani uone wapita njia wanavyojaa mlangoni. Hamu ya vifaa vya ajabu bado ipo. Mimi nauliza kitu kimoja tu: ushamba ukishatutoka, kifaa kitabaki na gemu ngapi za kukilisha? Nimepanga kwa kipimo hicho.

1. Usukani

Huu ndio pekee ninaoweza kumwambia mtu atoe hela bila kusita, maana gemu za magari hazikauki. Logitech G29, uliotoka 2015, unazunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, na ndani una mota zinazoshindana na mikono yako ukikata kona vibaya. Unatumika kwenye PlayStation (PS3 na PS4) na kompyuta. Mwenye Xbox asiuguse; wake ni G920, na hao wawili ni mapacha, wauzaji huwachanganya. Ukiwa wa mtumba, dai adapta yake ya umeme na pedali zote tatu, kisha kagua vibano vya kuufungia mezani. Meza iwe ya mbao nzito. Ya plastiki itakufuata mapajani.

Zile za bei nafuu hazina mota ya kuvuta, hutetemeka tu, na nyingi huzunguka nyuzi 180 au 270. Kwa mtoto wa shule ya msingi inatosha.

2. Fimbo ya Wii

Hii ni pedi ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, unaipunga hewani badala ya kubonyeza tu. Ilitoka 2006, ni mzee, lakini mama mkubwa wangu ambaye hajawahi kushika pedi aliishika jioni moja akapiga tenisi mpaka wali ukaungua. Uzuri wake mwingine: kile kijiti cha kuweka chini ya TV kina taa za infraredi tu. Kikipotea, mishumaa miwili iliyowashwa na kutenganishwa kidogo inashika nafasi yake. Mishumaa Kigoma tunayo; shida ni kwamba tukiiwasha, mara nyingi TV nayo imezimika. Funga kamba mkononi. Diski za kununua ni chache, ndiyo maana imekaa ya pili.

3. Gita

Hapa niliumia. Niliagiza gita la PS3 lisilo na waya kutoka Dar, likafika stendi likiwa zima, linang'aa, ila bila risiva yake ndogo ya USB. Bila risiva hiyo gita ni ubao wenye vitufe vitano vya rangi. Wanangu hulitumia kuigiza wasanii. Kwa hiyo risiva kwanza, gita baadaye. Nyimbo zenyewe karibu zote ni roki za Wazungu. Bongo Fleva sahau. Hata hivyo gita halijafa: gemu yake maarufu, Guitar Hero, ilianza 2005 ikapoa sana kufikia 2011, lakini 2024 kampuni ya PDP walitoa gita jipya, Riffmaster, la PS5 na Xbox.

4. Zulia la kudansi

Rahisi, linakunjwa. Nyaya zake hukatika penye mikunjo, kwa hiyo liviringishe kama mkeka. Kwenye sakafu ya saruji linateleza.

5. Bunduki ya bata

Ile ya kulenga bata kwenye TV. Wengi tulikua nayo, na wengi wanataka kuwanunulia watoto. Usinunue kama nyumbani una TV ya flati. Ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi ghafla, kisha kisanduku cheupe kinatokea penye bata, na bunduki inachungulia kama imeona mwanga. Hesabu hiyo ilipangwa kwa TV za kichogo. Flati huchelewesha picha, na bata wote wanaruka salama. Ukikuta TV ya kichogo nzima kwa fundi, nunua vyote viwili.