Boksi la sabufa nililochongesha Lubumbashi: mbao safi, bomba fupi

Spika yangu ya inchi 12, iliyotolewa kwenye gari, ililala chini ya kitanda mwaka mzima. Kila boksi nililoonyeshwa madukani lilikuwa sanduku lolote lile lililopakwa rangi nyeusi na kutobolewa tundu. Boksi la sabufa, yaani spika ya besi nzito, haliokotwi namna hiyo. Kila spika ina namba zake, na namba hizo ndizo zinazosema inataka hewa kiasi gani nyuma yake. Hesabu zake zinatokana na kazi ya wahandisi Thiele na Small, tangu miaka ya 1960 na 1970, na siku hizi programu ya bure kama WinISD inakumalizia kila kitu. Mimi ilinipa lita 60 na bomba la hewa la kipenyo cha sentimeta 10, urefu sentimeta 43, ili boksi liitike kwenye 28 Hz, yaani mitetemo 28 kwa sekunde.

Fundi nilimpata mtaa wa Kenya (Kenya yetu ya hapa, siyo ile ya Nairobi), mzee wa makabati na vitanda. Kwanza alitaka kunichongea kwa mulombwa. Mbao ya heshima, sikatai, lakini hapa kwetu mbao iliyokaushwa na upepo wa Julai ikikutana na mvua za Desemba inavimba, na maungio yanaachia. Nikamwomba MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa na gundi, ya milimita 18. Akacheka: "Patron, hiyo ni karatasi." Karatasi, ndiyo, ila ubao mzima una uzito wa kilo 40 hivi, na sisi wawili tulitoka jasho kuushusha kwenye mkokoteni.

Kwenye mchoro niliandika 40 kwa 40 kwa 45, VIPIMO VYA NDANI, nikapiga mstari mara tatu. Hizo ni lita 72. Spika, bomba na mihimili ya ndani vinakula kama 12. Angepima kwa nje, unene wa mbao ungenimezea lita 17 na kazi yote ingekuwa bure. Hapo hakukosea hata milimita. Gundi imejaa kila kona, skrubu zimezama, mhimili wa katikati umekaza. Nilizungusha udi unaofuka kwenye maungio yote huku spika ikicheza taratibu, na moshi haukuyumba popote. Siku 4, dola 45 za mkono wake, mbao juu yangu.

Shida ilikuja usiku ule nilipoliunga kwenye amplifaya. Nilikata masafa kwenye 80 Hz, ili sabufa ipate besi za chini ya hapo tu, nikaweka filamu. Besi ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa moja: mlango ukigongwa, wuu, ngurumo, wuu, gari likipita, wuu ileile, na manjanja ya paa yakiitikia. Mke wangu akauliza kama tumenunua sabufa au jenereta.

Nikafungua programu ya milio kwenye simu, nikashusha kutoka 40 Hz hatua kwa hatua, kidole kikigusa kidogo tu koni, ile sehemu ya spika inayotikisika. Boksi likifika kwenye masafa yake, koni hutulia karibu isimame, na bomba ndilo linalopuliza. Kwa hesabu yangu ingetulia kwenye 28. Ilitulia kwenye 32, na kwenye 28 ilikuwa inaruka kama kifuniko cha sufuria ya bukari, ugali wetu. Sebule yangu ina urefu wa mita 5, na chumba cha urefu huo chenyewe huvuma karibu na 34 Hz. Boksi na chumba vilikuwa vinaimba wimbo mmoja.

Nikatoa spika, nikaingiza mkono na futi. Bomba: sentimeta 30, limenyooka. Kiwiko nilichochora hakipo.

"Tuyo ilikuwa ndefu kuliko boksi, nikaikata," mzee akasema (tuyo ndilo bomba), bila wasiwasi wowote. Na kwa macho ya seremala ana haki: kina ni 40, bomba ni 43, nani hatakata? Mimi nilidhani mchoro unatosha. Sikumweleza kwamba urefu ule ndio unaochagua sauti, kama filimbi. Nilipompulizia chupa ya soda, kwanza tupu, kisha yenye maji nusu, alinyamaza, halafu akaomba kesho yake niache boksi pale.

Akaweka kiwiko, 43 ikipimwa katikati ya mpindo. Kazi hakunidai, bomba jipya nililinunua mimi. Sasa koni inatulia kwenye 28, mlango ni mlango na ngurumo ni ngurumo. Manjanja bado yanalia kidogo kwenye milipuko, lakini hayo siyo ya fundi.

Nampa 4 kati ya 5, na nitamrudia kwa boksi la pili. Siku ya kufunga bomba nitakaa pale pale kwenye benchi lake. Rangi bado hajapaka. Alisema Ijumaa, tangu mwezi jana.