Mwongozo wa sauti wa Aachen: unajua majengo ya Karolo Mkuu kuliko vita vyake

Mwongozo huu wa sauti, unaopakuliwa kwenye simu na kusikilizwa mtu akitembea katikati ya mji wa Aachen, Ujerumani, umejitwika kazi ngumu ya kueleza jinsi Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, alivyojenga na kutawala milki ya Kikristo iliyoenea kutoka milima ya Pirenei hadi mto Elbe. Kwa sehemu kubwa kazi hiyo imefanywa vizuri.

Kituo kilicho bora kuliko vyote ni kanisa la ikulu, ambalo leo ni kiini cha kanisa kuu la mji. Msimulizi hakimbilii dhahabu. Anakusimamisha chini ya kuba lenye pande nane, anakutaka uziangalie nguzo ambazo mfalme aliziagiza kutoka Roma na Ravenna, kisha anaeleza kwa nini mtawala wa kaskazini alijisumbua kuvusha mawe yaliyokwisha kuchongwa ng'ambo ya Alpi: alitaka kila aingiaye aone kwamba urithi wa makaisari umehamia kwake, hata kabla Papa Leo III hajamvika taji la kaisari mjini Roma tarehe 25 Desemba 800. Ghorofani kipo kiti cha enzi cha mabamba ya marumaru yasiyo na nakshi, na ubavuni mwake kuna mistari ya ubao wa mchezo iliyokwaruzwa na mkono usiojulikana. Anayetaka kukikaribia hana budi kujiunga na kundi linaloongozwa, jambo ambalo lingefaa kutajwa mwanzoni badala ya kuachwa hadi msikilizaji amefika mlangoni.

Mbele ya ukumbi wa mji, uliojengwa palipokuwa na baraza la mfalme, maelezo yanageukia utawala, na hapa nimeridhika sana. Tunasikia habari za wajumbe waliotumwa majimboni wawili wawili, kwa kawaida mlei mmoja na askofu au abati mmoja, ili kuwakagua watawala wa huko na kusikiliza malalamiko ya watu. Za amri ya mwaka 789 iliyozitaka nyumba za watawa na makanisa ya kiaskofu kuwa na shule. Na za dinari ya fedha, ambayo 240 zilihesabiwa kuwa ratili moja. Mtu anaelewa kwamba, katika milki isiyo na watumishi wengi wa serikali, Kanisa ndilo lililokuwa na watu wanaojua kusoma amri na kuzifikisha.

Kasoro kubwa ni Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo ambao walikuwa bado hawajawa Wakristo. Vita vilivyoanza mwaka 772 na kuendelea hadi 804 vimepewa sentensi moja, eti mfalme “aliwaleta kwenye imani”, ilhali tembo Abul-Abbas, zawadi ya Khalifa Harun al-Rashid, amepewa kituo kizima. (Tembo huyo anapendeza, sikatai.) Kumbukumbu za Wafaranki wenyewe zinasema kwamba mwaka 782, huko Verden, watu 4,500 walikatwa vichwa kwa siku moja, na sheria waliyowekewa Wasaksoni ilimhukumu kifo aliyekataa kubatizwa. Alcuin, mwanachuoni wa Uingereza aliyekuwa mshauri wa mfalme, aliandika kwamba imani haipatikani kwa kulazimishwa, tena akalalamikia zaka walizotozwa watu waliobatizwa juzi. Barua zake zingetosha kujaza kituo chenye mvuto kuliko cha tembo, kwa kuwa zinaonyesha kwamba ukali huo ulipingwa hata ndani ya baraza la mfalme.

Kwa upande wa ufundi, sauti ni safi na haihitaji intaneti baada ya kupakuliwa, ingawa muziki wa zeze huifunika mara kwa mara. Simulizi linakoma kwenye kifo cha mfalme mwaka 814, bila kugusa mkataba wa Verdun wa 843, ambapo wajukuu zake waligawana milki. Mwenye muda mfupi asikilize kanisa na ukumbi wa mji, na habari za Wasaksoni azitafute kwingine kabla ya safari.