Dizeli ya jimbo la mbali: lipi ulifuate, lipi uliache hukohuko

Ukikaa Ohio, Marekani, miaka michache unazoea kupiga goti. Kabla ya kutazama rangi wala viti, unainama na kumulika tochi chini ya gari, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kila majira ya baridi hula mabomba ya breki, sakafu na mashikio ya sapoti. Injini ya dizeli iliyotunzwa inaweza kufika maili 300,000. Bodi iliyokulia Cleveland au Buffalo haifiki nayo.

Kwa hiyo kila jamaa anaponipigia simu kwamba anataka gari la dizeli lililotumika la kwendea kazini, ninamwambia atafute nje ya jimbo, na aanzie kwenye ukame: Arizona, New Mexico, Nevada. Jua la huko linapasua dashibodi na mipira ya milango, lakini dashibodi hubadilishwa kwa mchana mmoja. Chesisi iliyooza haina fundi.

Texas na Florida nako karibu hakuna chumvi ya barabarani, ila kuna mafuriko. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilizamisha magari mengi sana Houston, na Ian cha Septemba 2022 kikafanya hivyo Florida. Gari lililozama hupewa hati yenye alama ya hasara, kisha mjanja hulihamishia jimbo jingine, na wakati mwingine hutoka huko na hati safi. Usiridhike na hati aliyokushikia muuzaji. Chukua namba ya chesisi, zile tarakimu na herufi 17, uzipitishe kwenye NMVTIS, daftari la taifa la hati za magari lililo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Gharama yake ni dola chache tu. Gari likiwa mbele yako, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Tope hukaa pale ambapo muoshaji hakumbuki kufika.

Sasa magari yenyewe, kwa mpangilio ambao ningefuata kama pesa ingekuwa yangu.

La kwanza ni Volkswagen TDI za 2015: Golf, Jetta au Passat. Najua wengi wakisikia jina hilo wanakumbuka tarehe 18 Septemba 2015, siku shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilipotangaza kwamba kampuni hiyo iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Kashfa hiyohiyo ndiyo inayozifanya gari hizi zifae leo. Zile za 2015 zilizuiwa kuuzwa, nyingine zikakaa yadi hadi 2017 ziliporuhusiwa baada ya kurekebishwa, kwa hiyo unaweza kukuta gari la 2015 lililoanza kutembea miaka miwili baadaye. Muulize muuzaji karatasi za marekebisho, na ziwe na namba ya chesisi ileile. Hizi zinatumia maji ya urea ya kusafisha moshi na zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Ingiza kidole ndani ya bomba la ekzosi: kikitoka cheusi kwa masizi, kichujio kimepasuka au kimetolewa. Bomba la gari lenye kichujio kizima huwa safi kiasi cha kushangaza. Kama ni gia otomatiki ya klachi mbili, oili yake hubadilishwa kila maili 40,000 kwenye zile za gia sita, na mwenye gari asiyekuwa na risiti za kazi hiyo hajaifanya.

Za 2009 hadi 2014 ni ndugu zao, nazo ni rahisi zaidi, lakini zina ugonjwa wa pampu ya dizeli ya shinikizo kubwa. Ikifa, inatapika vumbi la chuma kwenye mfumo wote wa mafuta, kuanzia nozeli hadi tangi, na matengenezo yanaweza kuzidi thamani ya gari. Ukiipata yenye ushahidi kwamba mfumo wote ulishabadilishwa, sawa. Bila hivyo, mimi nisingeifuata maili elfu moja.

La pili ni Mercedes E320 CDI ya 2005 na 2006. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, haina kichujio cha masizi wala urea, na inasafiri kama meli kwenye maji tulivu. Hii karibu lazima uifuate nje ya jimbo kama unaishi katika baadhi ya majimbo, kwa sababu ilipokuwa mpya haikuruhusiwa kuuzwa California, New York, Massachusetts, Maine wala Vermont. Mkazi wa California asiogope: sheria ya huko inazuia gari lisilo na cheti cha California kama halijafika maili 7,500, na hizi zilishavuka zamani. Kagua breki zake za umeme, na usichanganye gari hili na E320 Bluetec iliyofuata 2007. Ile ina injini ya V, yaani silinda zake ziko safu mbili, na mpira wa kipoza oili umefichwa katikati ya V hiyo. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo, kazi ya kuufikia ndiyo inayokumaliza.

Kwenye magari ya umri huu, jihadhari na mita. Kwa gari la 2010 kurudi nyuma, sheria ya shirikisho haimlazimishi tena muuzaji kuandika maili kwenye hati, ilhali la 2011 na baada ya hapo anawajibika kwa miaka 20. Maili za E320 CDI utazisoma kwenye risiti za matengenezo, tarehe kwa tarehe. Bila risiti, hesabu kwamba hujui gari limetembea kiasi gani, na bei ishuke kulingana na hilo.

La tatu ni Jetta au Golf TDI za 2000 hadi 2003, lita 1.9, nguvu farasi 90, gia za mkono tu. Gia otomatiki ya miaka hiyo ni dhaifu, iache. Waliozoea Peugeot 504 ya dizeli nyumbani wataipenda hii, maana fundi anaielewa kwa masikio. Swali moja linatosha kuanza nalo: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na pampu ya maji ilibadilishwa pamoja nao? Ukikatika, vali zinagonga pistoni na injini imekwisha. Usichukue za 2004 hadi 2006 ukidhani ni zilezile. Hizo hula kemshafti, mhimili unaofungua vali, hasa zikiwekewa oili isiyo ya kiwango chake.

Chevrolet Cruze dizeli ya 2014 na 2015, iliyounganishwa hapahapa Ohio, Lordstown, naiweka ya nne. Kwenye barabara kuu inakunywa mafuta kidogo sana, ila sensa za mfumo wa moshi zinasumbua na vipuri vyake si vya kila duka. BMW 335d ya 2009 hadi 2011 ina nguvu ya ajabu, na ndiyo ya mwisho kwangu: njia ya hewa inaziba kwa kaboni, na kwa mtu wa safari za shift na bajeti ya mwezi, si gari la kununua bila kuliona.

Gari lolote lililong'olewa vifaa vya kusafisha moshi, hata likiwa la bei ya kutupwa, liache. Ni kinyume cha sheria ya shirikisho ya hewa safi, na ukilileta eneo la Cleveland au Akron linakopimwa moshi, halipiti.

Siku ya kukutana, mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Tulishafika yadi moja ya jimbo jirani saa mbili asubuhi, tukagusa boneti, tukakuta ya moto. Tuliondoka. Dizeli husema ukweli ikiwa baridi: hita plagi mbovu, mgandamizo ulioshuka, nozeli zinazovuja, vyote vinaonekana katika sekunde kumi za kwanza. Moshi mweupe usiokoma au wa bluu ni sababu ya kurudi nyumbani. Kama huwezi kwenda, mlipe fundi wa mji huo asiyejuana na muuzaji, akutumie video ya injini ikiwashwa baridi na picha za chini ya gari.

Kama kuna mkopo juu ya gari, lipia ndani ya tawi la benki inayodai, karani akiona pesa zikiingia na deni likifungwa. Kodi ya mauzo kwa kawaida utalipa jimbo unalosajili, hata kama umenunua Oregon ambako haipo. Ohio itataka gari lililotoka nje likaguliwe namba ya chesisi kabla ya kukupa hati mpya. Piga simu ya bima kabla hujaondoka, chukua kibao cha muda, na usimame baada ya maili hamsini za kwanza: zima injini, subiri dakika kumi, pima oili, kisha umulike tochi chini ya gari.