Sanduku la bati la Mwanga: panya kashindwa, wifi bado

Nimelinunua kwa fundi bati mmoja hapa Mwanga, Kigoma, shilingi 55,000, baada ya kuvutana kutoka 70,000. Ni tranka lile lile la watoto wa bweni, ila nilimwomba apunguze kimo lipite uvunguni.

Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nilihangaika na dagaa mpaka nikaapa. Sasa humo mna sado sita za dagaa wakavu, chumvi ya Uvinza, mchele, galoni ya mawese, miche ya sabuni, tochi na betri zake. Na kwetu wageni hawakatiki. Akiba ikishaonekana, si yako tena.

Kazi ya fundi si mbaya. Bati gumu, pembe kazikunja hazikwaruzi mkono, na mwezi wa nane huu panya wanakuna usiku kucha wanaishia kulala njaa. Nimeliweka juu ya matofali manne kwa sababu masika sakafu yetu hutoa jasho. Shida ni mfuniko. Upande wa kushoto una mwanya wa kuingia kidole, na harufu yote inatokea hapo. Nilimrudishia, akagonga nyundo mara mbili: "Tayari dada, limekaa." Halijakaa. Nyota tatu kati ya tano, mbili nazishikilia mpaka mfuniko ufunge.

Harufu hiyo ndiyo iliyomwinamisha wifi yangu wa Ujiji uvunguni.

"Wifi, humu mna nini?"

"Nguo za shule za mtoto."

Mtoto mwenyewe yuko likizo, kakaa sebuleni, na tranka lake liko mlangoni. Nikaruka: "Aa, nimechanganya. Hilo ni sanduku la hela la kikoba chetu."

Nilisahau kwamba wifi ni mshika ufunguo kwenye kikoba chao. Akalitazama kama askari wa mizigo bandarini. "Kikoba gani cha kufuli moja? Letu lina tatu, na kila ufunguo una mtu wake."

Kesho yake alipotoka kwenda sokoni nikamwita fundi nyumbani aongeze makomeo mawili. Shilingi 8,000, kufuli nikanunua mwenyewe. Ili atoboe ilibidi nifungue, naye akaona yote. Aliondoka na hela yake na sado moja ya dagaa ya kufunga mdomo.

Wifi karudi, kazihesabu kufuli, karidhika. Kisha akanusa.

"Mbona hela zenu zinanuka dagaa?"

"Wanachama wengi wanauza dagaa mwaloni Kibirizi."

Akatikisa kichwa, akakaa kitandani, akashusha sauti. "Basi wifi, niombeeni huko mnikopeshe laki mbili."

Nimemwambia kikao ni Jumamosi.