Viazi vya dalia kutoka kitalu cha Mikocheni: nimenunua mara mbili, haya ndiyo niliyoyaona

Mama yangu yuko Njombe. Dalia zake za nyuma ya jiko, maua yanayoota kutoka kwenye viazi vya chini ya udongo, nilizikuta pale kabla sijaanza shule, nyekundu iliyokolea, ua moja kubwa kama kisahani cha chai. Mwaka juzi fuko aliingia chini ya tuta akala viazi vyote. Tulikuta mashimo tu na mabua yamelala. Mama hakusema mengi, ila kila nikipiga simu, kabla hatujaagana, aliuliza: "Huko Dar kote hakuna anayeuza mbegu yake?"

Nilianza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ambaye simtaji. Aliniletea viazi vitano ndani ya plastiki isiyo na hata tundu la sindano. Vilikuwa vinene, vinajaza kiganja, nikafurahi. Viwili vilishaanza kutoa maji, nikavitupa. Vitatu nikavipanda kwenye makopo, nikavisubiri siku 40. Nilipovifukua vilikuwa vigumu vilevile kama nilivyovipokea, havijaoza na havijachipua. Hilo la mwisho lilinitatiza kuliko kuoza.

Jibu nililipata kwenye kitalu ninachokizungumzia hapa. Kiko kando ya Barabara ya Old Bagamoyo, Mikocheni, chini ya mwarobaini, hakina kibao. Utaona viriba vya bogenvilia na mianzi ya mapambo imepangwa hadi ukingoni mwa mtaro. Mwenyewe ni mama wa makamo, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwamkia, nikamtolea kimoja kati ya vile vitatu. Alikigeuza mara moja tu, akaweka kidole gumba kwenye ncha iliyovunjika. "Hiki kimekatwa shingo, mwanangu. Hata ukikimwagilia mwaka mzima kitakaa hivihivi."

Sisi wa Njombe tumelelewa na viazi mviringo. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, unakikata vipande, kila kipande chenye jicho kinaota. Dalia haiko hivyo. Macho yake yako sehemu moja tu, pale juu kiazi kinapoungana na bua la zamani. Kiazi kikivunjikia shingoni, au kikitenganishwa bila kubaki na kipande cha hilo shina, kilichobaki ni akiba ya chakula isiyo na mche wa kulisha. Unene hausaidii. Kile kidogo kama kidole chenye jicho kinakizidi kwa mavuno.

Mama yule alichomoa shada la viazi kutoka kwenye ndoo ya maranda makavu, akalisugua juu kwa kitambaa chenye unyevu, akanipa simu yake yenye tochi nimulike. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha akaegemeza shada upande, mwanga ukapita kwa ubavu, na hapo nikaliona: kidoti kilichotuna, si kikubwa kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na duara hafifu limekizunguka. Tukahesabu macho kwenye shada lile. Alikata kwa kisu chembamba, kila kiazi na jicho lake, akapaka majivu kwenye majeraha, akaniambia niviache kivulini siku nzima pakauke ndipo nivifungashe. Vya kwake hutoka Lushoto, kwa ndugu zake, na husafiri ndani ya maranda, si plastiki. Kiazi kimoja sh. 7,000. Nilichukua sita.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningependa mtu wa nyanda za juu alisome vizuri. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba. Njombe bado usiku ni wa kutetemeka, na asubuhi za Juni na Julai umande huganda kuwa barafu juu ya majani. Dalia inataka udongo ufike kama nyuzi 15 za Selsiasi ndipo iamke. Ukiizika mapema kwenye udongo baridi na wenye maji, inaoza kabla haijafikiria kuota. Kwa hiyo huanzishwa ndani ya nyumba, wiki nne hadi sita kabla ya kuitoa nje. Nilivigawa viazi: vitatu nikavianzisha kwangu Tabata, vitatu nikampelekea mama kwa basi la usiku, ndani ya boksi la viatu lenye maranda.

Vya kwangu vilichipua siku ya 11. Joto la Dar halina subira. Lakini ndani ya wiki tatu vilikuwa virefu, vyeupe shingoni, vinalalia dirisha vikitafuta jua. Nilivihamishia barazani, vikapata rangi, ila mabua yalibaki laini.

Mama aliviweka jikoni kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, si karibu sana na moto, umbali wa hatua tatu kutoka kwenye mafiga. Shingo zilibaki juu ya udongo. Nilimsisitizia kwenye simu asimwagie maji mpaka aone chipukizi, kwa sababu kiazi kina maji yake ya kutosha na hakina mizizi ya kunywa mengine. Alikuwa na wasiwasi, akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Siku ya 26 alinipigia asubuhi na mapema kabla sijatoka kwenda kazini: "Vimetoa pua." Vilikuwa vifupi, vinene, vyekundu vya kuiva. Akavisogeza dirishani.

Katikati ya Novemba, mvua ikiwa imeshashika, nilipanda basi Mbezi na vya kwangu vitatu mapajani, Morogoro, Iringa, Makambako, usiku kucha. Kimoja kilivunjika kwenye tuta la barabarani. Tulivipanda vyote kwa kina cha kiganja, hatua moja kati ya mche na mche, na vigingi vya mianzi vya kuiegemeza tukavichomeka siku hiyohiyo ili tusije kutoboa viazi baadaye. Safari hii mama alizungushia kila shimo kipande cha wavu wa kuku kwa ajili ya fuko. Wiki chache baadaye nilimwelekeza kwa simu akate kilele juu ya jozi ya nne ya majani. "Nikate kichwa cha mche mzima?" Alikata mmoja tu kwanza. Ulipotoa matawi sita, akaikata yote.

Mwishoni mwa Januari zilifungua. Vile vitatu vilivyoamkia jikoni Njombe viliipita miche yangu kwa urefu na kwa wingi wa maua, ingawa vilichelewa wiki mbili na zaidi kuchipua. Mwaka huu sianzishi tena chochote Dar kwa ajili ya kupeleka huko. Nanunua kikiwa kimelala, nasafirisha kikiwa kimelala.

Sasa nirudi kwenye kitalu, maana yapo yasiyonipendeza. Rangi huandikwa kwa kalamu ya wino kwenye utepe wa karatasi, na maandishi hayahimili hata unyevu wa mkono. Nililipia nyekundu tupu, moja ikatoka njano. Mama ameipenda, lakini mtu anayepanda kwa ajili ya kuuza maua ya harusi angeumia. Pili, kijana anayemsaidia huwaambia wateja wamwagilie kila siku tangu siku ya kupanda. Nimemsikia kwa masikio yangu, nikamwambia mama mwenye kitalu kwa heshima, akasema atamrekebisha. Tatu, hawamwambii mnunuzi wa Dar ukweli kuhusu Dar. Nilibakiza kiazi kimoja cha ununuzi wa pili hapa Tabata. Kimetoa majani mazuri, kisha maua mawili madogo yaliyopauka na kufunguka katikati siku ya pili. Dalia asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako usiku hupoa, na joto linalopita nyuzi 30 huichosha. Anayetaka ua la kujivunia asubiri miezi ya Juni hadi Agosti, alipatie jua la asubuhi tu na kivuli cha mchana, na bado asitarajie la Lushoto.

Meksiko waliifanya ua la taifa mwaka 1963. Nilimsimulia mama hilo, pamoja na kwamba jina limetoka kwa Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Alisikiliza, kisha akauliza kama huko nako kuna fuko. Nilimjibu wapo, wa aina nyingine, na wanapenda mizizi vilevile.

Ununuzi wa pili ulikuwa viazi vinne. Jicho la kimoja lilikuwa limekauka, na nililigundua nikiwa nimeshafika nyumbani. Nilirudi Jumamosi nikiwa nimejiandaa kubishana. Mama wa kitalu alikimulika, akatikisa kichwa, akachomoa kingine kwenye ndoo, tukakikagua wote wawili mpaka tukaliona jicho. Hakuniomba hata mia. Kwa sh. 7,000 ninalipia ile tochi na ule muda wake, na ninaona bei ni halali.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa 4, jua likiwa bado la ubavu. Omba ufunguliwe shada mbele yako, usinunue kilichokwisha kutenganishwa, na chukua boksi lako. Mimi nimeshaagiza vitano vya Septemba. Mama yangu amesema kimoja kiwe cha njano tena.