Inositoli kwa hedhi iliyovurugika: ipi ununue, ipi uiache dukani

Makopo ya kirutubisho cha inositoli yanafanana kwa mbele: rangi ya waridi, picha ya ua, na ahadi ya kuweka homoni sawa. Geuza kopo usome nyuma. Unachotafuta ni gramu za myo-inositol (aina kuu ya inositoli) unazopata kwa siku, na kipimo kilichozoeleka kwenye tafiti za PCOS, yaani vurugu ya homoni inayozuia mayai kupevuka vizuri, ni gramu 4: mbili asubuhi, mbili jioni. Kopo lisilokufikisha hapo ni ghali hata likiuzwa bei ya kutupa.

Hiki ni kirutubisho cha mwenye PCOS: hedhi inayopishana zaidi ya siku 35, chunusi zisizoisha, ndevu kidevuni. Huusaidia mwili kuitikia insulini. Insulini ikipungua kwenye damu, ovari nazo hupunguza kutengeneza homoni za kiume, na yai hupata nafasi ya kupevuka. Ila usitarajie miujiza. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unaruhusu kuijaribu kwa kuwa madhara yake ni madogo, huku ukisema faida iliyothibitishwa nayo ni ndogo; kwa vinyweleo na unene wa tumbo, unaitanguliza metformin, dawa ya kisukari.

Hedhi nzito yenye mabonge, damu ya katikati ya mwezi au maumivu ya kukulaza kitandani si kazi yake. Hapo nenda ukapige ultrasaundi. Na kama umepitisha miezi 3 bila hedhi, pima kwanza mimba, homoni za tezi ya thairoidi na prolaktini (homoni ya maziwa), ndipo ufungue pochi.

Nafasi ya kwanza: unga wa myo-inositol mtupu. Kopo la gramu 250 hukaa siku 62 kwa gramu 4. Una utamu kidogo, unayeyuka kwenye maji, hata kwenye uji hausikiki. Tatizo lake ni kijiko. Kijiko cha chai cha nyumbani kwako si sawa na cha jirani, na unga ulioshindiliwa huzidi uliomwagwa tu. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo, au pima gramu 2 kwenye mizani ndogo ya vito, kwa kuwa mizani ya jikoni mara nyingi hukosea kwenye uzito mdogo hivyo. Kijiko kiwe kikavu; kikiingia na maji, wiki ijayo utakuta mabonge.

Nafasi ya pili: mchanganyiko wa 40 kwa 1, yaani gramu 4 za myo-inositol na miligramu 100 za D-chiro-inositol, aina nyingine ya inositoli, kwa siku. Ndio unaotangazwa zaidi kwa hoja kwamba uwiano huo unafuata ule wa kwenye damu. Ni mzuri, lakini haujathibitika kuushinda unga mtupu kiasi cha kustahili kulipiwa mara mbili. Ukiwa na asidi ya foliki mikrogramu 400 ndani yake, anayetafuta mimba apunguze kidonge kimoja mezani.

Ya tatu: kapsuli. Zinafaa msafiri na asiyependa kukoroga, lakini piga hesabu. Kapsuli ya miligramu 500 inataka 8 kwa siku, kwa hiyo chupa ya kapsuli 120 inakwisha kwa siku 15. Tuseme inauzwa shilingi 60,000: ni 4,000 kwa siku. Unga wa gramu 250 kwa 90,000 hauzidi 1,500.

Peremende laini zimebaki mkiani: dozi ndogo, sukari juu yake, kwa mtu ambaye shida yake ni insulini!

Usinunue kabisa D-chiro-inositol peke yake ya dozi kubwa bila daktari. Ikizidi inaweza kuharibu ubora wa mayai. Vidonge vya kolini na inositoli vya miligramu 250 havifiki popote. "Inositol hexanicotinate" ni aina ya niasini (vitamini B3), na IP6 ni kitu kingine tena, ingawa majina yanakaribiana. Vichupa vya "kusafisha kizazi" visivyotaja kilichomo ndani hatuvipangi nafasi.

Anza na gramu 2 kwa siku wiki ya kwanza, halafu panda. Kichefuchefu, gesi na kuharisha huonekana hasa dozi ikifika gramu 12. Anayetumia dawa za kisukari au lithiamu aongee na daktari wake kabla ya kununua. Andika tarehe za hedhi kwa miezi 3 kamili kabla ya kuhukumu, na kama hutaki mimba, endelea na kinga tangu siku ya kwanza: yai hutoka kabla hedhi haijarudi.